Wabera: Asiyejiweza asiachiwe kazi ya kusaka huduma

Siku yoyote ya kazi mjini Isiolo utawaona. Mama aliyembeba mgongoni mtoto ambaye kwa umri wake angekuwa anakimbia. Mzee wa mkongojo anayeongozwa na mjukuu aliyekosa shule siku hiyo. Nyanya anayelea wajukuu mayatima. Kila mmoja ameshika bahasha ya kaki iliyolegea kwa kushikwashikwa, na ndani yake mna nakala za kitambulisho, kadi ya kliniki, picha za pasipoti na barua ya chifu yenye muhuri uliofifia. Wanatoka mlango huu wanaingia ule. Ofisi hii inawaambia jina halimo, ile inawaambia afisa yuko mkutanoni, ya tatu inawashangaa kwa nini hawakuanzia ya kwanza. Adhuhuri ikifika wanarudi Wabera, au wanasaka gari la kuwarudisha Merti na Garba Tulla. Bahasha imeongezeka karatasi moja, na mfuko umepungukiwa nauli.

Tunapozungumzia afya na ustawi wa jamii katika kaunti zetu, huwa tunahesabu kilichokosekana: madaktari, dawa, fedha. Upungufu huo upo na hakuna wa kuubisha. Lakini katika wadi kama Wabera, iliyo ndani ya mji ambao ndio makao makuu ya kaunti, kuna kasoro nyingine isiyohitaji mabilioni kuirekebisha. Tumemwachia mtu dhaifu kuliko wote kazi ngumu kuliko zote: ajue mwenyewe ni msaada gani upo, uko ofisi gani, unataka karatasi zipi na usajili unafunguliwa lini. Msimamo wangu ni kwamba kazi hiyo ni ya serikali. Anayelipwa mshahara kuhudumia wasiojiweza ndiye anayepaswa kuwatafuta, kuwaandika, kuwapeleka panapohusika na kurudi kuuliza kama walisaidiwa. Bila hivyo tutaendelea kuzindua mipango mizuri ambayo wanaoihitaji zaidi ndio wa mwisho kuisikia.

Shida moja, serikali mbili

Chukua familia yenye mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Kwa mama yake shida ni moja tu: mtoto hawezi kukaa wala kula bila kusaidiwa, na anayemsaidia hawezi kutoka kwenda kutafuta riziki. Serikalini shida hiyo imekatwa vipande. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti huduma za afya, kwa hiyo kliniki na tiba ya viungo ni mambo ya kaunti. Ruzuku ya Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa inatoka serikali kuu kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Kadi ya ulemavu inatolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya wataalamu hospitalini kumpima mtoto na kujaza fomu. Bima iko kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Cheti cha kuzaliwa kiko kwa msajili wa vizazi na vifo. Usalama wa mtoto uko kwa afisa wa watoto. Kiti cha magurudumu kitaombwa kwa baraza hilohilo la watu wenye ulemavu au kwa mfadhili, ikiwa atatokea wa kumwambia mama kwamba kinaombwa.

Kila ofisi kati ya hizo imeundwa kwa sheria na ina sababu ya kuwepo. Ila hakuna hata moja iliyopewa jukumu la kumjua mtoto mzima, pamoja na nyumba anamoishi na tumbo analolala nalo. Daktari anajua misuli, afisa wa bima anajua malipo, karani anajua jina na namba. Anayeunganisha vipande hivyo ni mama mwenyewe, na ndiye mwenye muda mchache, nauli chache na ufahamu mdogo wa taratibu za serikali kuliko yeyote anayeketi upande wa pili wa meza. Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wahenga wa pwani. Je, ni haki taratibu zetu zimzidishie mbisho?

Tupige hesabu ya kawaida ya nyumbani. Tuseme bodaboda ya kwenda na kurudi ni Sh100, fotokopi na picha ni Sh50, na kibarua cha kufua nguo alichokikosa mama siku hiyo kingemlipa Sh300. Safari moja imekula Sh450. Safari tano ni Sh2,250. Inua Jamii inampa mlengwa Sh2,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mama huyu amekwisha kutumia zaidi ya ruzuku ya mwezi mzima kabla hajajua kama jina lake litakubaliwa. Wapo wanaoshangaa kwa nini familia maskini huacha kufuatilia haki zao katikati ya safari. Hesabu ndiyo hiyo. Kuacha ni uamuzi wa mtu anayejua bei ya unga.

Wazee nao wana yao. Mwaka 2018 serikali ilianza kuwalipa wote waliofikisha miaka 70, bila kuangalia kama ni maskini au la, na huo ulikuwa uamuzi wa busara kwa sababu umri ni rahisi kuthibitisha kuliko umaskini. Lakini uandikishaji haufanyiki kila siku kama kupiga muhuri wa barua. Hufunguliwa kwa vipindi, hutangazwa kwenye baraza la chifu, kisha hufungwa. Mzee asiyefika barazani kwa sababu miguu haimbebi ndiye hasa aliyelengwa na mpango, na ndiye asiyesikia tangazo. Wengi wa wazee wa kaskazini walikadiriwa umri walipochukua kitambulisho, hawakuzaliwa hospitali wala hawakuwa na cheti. Mwaka uliobandikwa na karani zamani zile ndio unaoamua leo kama mzee atalipwa au atangoja tena.

Wabera haina kisingizio cha umbali

Atakayesema kwamba tatizo la kaunti hii ni ukubwa wake anasema kweli, ila anasema kuhusu mahali pengine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima ya Isiolo, waliotawanyika katika nchi kame na kubwa. Mgonjwa wa Sericho au Merti ana safari ya kutwa, au zaidi, kufika mjini, na mvua ikinyesha barabara humkatalia. Mkazi wa Wabera hana taabu hiyo. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini humo humo. Ofisi za kaunti na za serikali kuu ziko mwendo wa bodaboda moja. Msikiti upo, kanisa lipo, mashirika ya misaada yamejaa mabango yake barabarani.

Ndiyo maana Wabera ni kipimo kizuri. Ikiwa nyanya anayeishi karibu kiasi hicho na kila ofisi anaweza kumaliza miaka bila kujua kwamba wajukuu wake mayatima wana mpango wa ruzuku ulioanza kwa majaribio tangu 2004, basi kilichomzuia si kilomita. Kilichomzuia ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kumwambia. Na kama hali ni hiyo mjini, tujiulize iko vipi katika wadi za mbali za Cherab na Chari.

Jina lenyewe la wadi lina la kutukumbusha. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, na aliuawa Juni 1963 akiwa katika ziara ya kikazi pamoja na Chifu Haji Galma Dido, katika siku za mzozo wa kujitenga kwa eneo la kaskazini. Walikufa wakiwa njiani kuwaendea wananchi. Hiyo ndiyo serikali iliyofunga safari kuwafuata watu walipo, enzi ambazo barabara zilikuwa mbovu na hatari ilikuwa dhahiri. Leo lami inapita Isiolo hadi Moyale, simu iko kila mfuko, na bado tunamngoja mgonjwa aje mezani.

Isiolo ilikwisha kuonja

Wala hatuzungumzii ndoto. Desemba 2018 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilizindua majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Isiolo ilichaguliwa kwa sababu ya wafugaji wake wanaohamahama na mzigo wa vifo vya akina mama wakati wa uzazi. Ada za hospitali za umma ziliondolewa, kaya zikaandikishwa na wahudumu wa afya wa kujitolea wakahusishwa kuwafikia watu manyumbani. Idadi ya wanaofika hospitali ikapanda. Dawa zilipungua na wafanyakazi walilemewa, na baada ya majaribio kwisha watu wakarudi kulipa. Wanaotaja mpango huo hupenda kuishia hapo: umeshindwa. Lakini tazama somo lililofichika. Wagonjwa hawakuongezeka kwa sababu maradhi yaliongezeka. Walikuwapo siku zote, ila walikuwa majumbani. Ada iliwazuia, na kutojua kuliwazuia vilevile. Palipokuwa na mtu wa kuwaandika na kuwaambia "nendeni", walikwenda.

Tangu Septemba 2023 tuna chombo bora zaidi ya kile cha 2018. Nchi nzima wameajiriwa kwa posho wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akikabidhiwa takriban kaya 100. Ana mkoba wenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kipima sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Huyu ndiye mtu pekee wa mfumo wa serikali anayeingia hadi ndani ya nyumba, akaketi kwenye jamvi, akaona chungu kiko mekoni au kimefunikwa kifudifudi. Utepe wake una rangi tatu: kijani mtoto yuko sawa, njano yuko hatarini, nyekundu apelekwe kituoni haraka. Ni kifaa kizuri. Lakini utepe hauna rangi ya kuonyesha kwamba mlezi wa mtoto ni nyanya kipofu asiye na kitambulisho, wala kwamba baba alipoteza mifugo yote katika ukame wa misimu mitano mfululizo ulioanza 2020. Mtoto atapewa lishe, atanenepa, atarudi nyumba ileile, na baada ya miezi mitatu mkono wake utasoma nyekundu tena.

Kwa hiyo pendekezo langu linaanzia kwake. Mhudumu huyu apewe kazi ya pili inayolipiwa: katika kila ziara aulize pia nani ana kitambulisho, nani amefika miaka 70, nani ana ulemavu, nani ni yatima, nani amesajiliwa SHA na nani hajasajiliwa, kisha jina liende kwa ofisa mmoja wa wadi anayewajibika kulifuatilia. Posho yake ya sasa ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na mara nyingi imechelewa. Mkono mtupu haulambwi. Ukimwongezea kazi bila kumlipa kwa wakati, utapata orodha zilizojazwa chini ya mti.

"Pesa za wote hao ziko wapi?"

Pingamizi la kwanza ni la fedha, na ni zito. Ukiwatafuta wote wanaostahili, foleni itakuwa ndefu kuliko bajeti, na utakuwa umewapa watu matumaini ya bure. Afadhali wasiojua wabaki hivyo.

Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba misaada mingi ambayo watu hawaijui haina foleni ya fedha. Kujisajili SHA ni bure, na aliyesajiliwa anatibiwa zahanati na kituo cha afya bila malipo chini ya hazina ya afya ya msingi. Kinachodaiwa ni mchango wa kulazwa na matibabu ya ngazi za juu, ambao kwa asiye na ajira rasmi hauwi chini ya Sh300 kwa mwezi na hutakiwa kwa mwaka mzima, yaani Sh3,600 kwa uchache. Namba 116 ya kuripoti mateso ya watoto haimlipishi anayepiga. Namba 1195 ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia ni hivyo hivyo. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya ulemavu, barua ya rufaa: vyote hivyo vinataka maelezo na msindikizaji kuliko vinavyotaka bajeti mpya.

La pili ni kwamba uhitaji usioandikwa haupotei, unalipiwa tu na mtu mwingine. Msichana anaacha shule amlee ndugu mlemavu. Mbuzi wa mwisho anauzwa kulipa bili ya hospitali ambayo bima ingeilipa. Mgonjwa wa sukari asiyepimwa anafika hospitali ya rufaa siku ya kukatwa mguu. Ibara ya 43 ya Katiba inaitaka serikali iwape msaada ufaao wa hifadhi ya jamii watu wasioweza kujitegemea pamoja na wanaowategemea. Haisemi iwape wale waliobahatika kusikia tangazo. Na kama fedha hazitoshi, bunge la kaunti na Bunge la Kitaifa yataamuaje nyongeza bila kujua idadi ya wanaosubiri? Oktoba 2025 serikali kuu ilizindua mpango wa kuwalipia SHA Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza. Nafasi za Wabera katika idadi hiyo zitajazwa na nani, aliye hoi au aliye karibu na mwenye kalamu? Jibu linategemea kama kuna mtu aliyepita nyumba kwa nyumba.

Wenzetu wamepitia njia hii. Mwaka 2011 Brazili, katika mpango wa Brasil Sem Miséria, iliamua kwamba maskini wasiofika ofisini watafutwe na maofisa, waingizwe kwenye daftari moja la kitaifa linalotumiwa na idara zote, na huduma za jamii zipatikane katika vituo vya mitaani. Jirani zaidi, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya Sh20,000 za Tanzania kwa mwezi, na kiasi hicho kimeongezwa baadaye. Masharti ni machache, umri na ukaazi, na uchache huo ndio unaomwezesha mzee asiyesoma kujua kama anastahili. Brazili ni tajiri kuliko sisi, ni kweli. Zanzibar je?

Ukoo upo, lakini umechoka

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa heshima, nami nalipa heshima yake. Wanasema: huku kwetu hatutupi mtu. Waborana wana buusa gonofa, utaratibu wa ukoo kukaa na kumchangia mifugo aliyefilisika ili asimame tena. Waislamu wana zaka, ambayo ni nguzo ya dini na si hiari. Makanisa yana vikundi vyake, Waturkana na Wasamburu wana desturi zao za kulishana wakati wa njaa, Wameru wana ndugu wa karibu upande wa pili wa barabara. Ofisa wa serikali akija na daftari, si ataua undugu?

Undugu huu umeokoa maisha mengi kuliko hati yoyote ya sera, na anayeudharau hajui kaskazini. Lakini tuangalie unavyofanya kazi. Buusa gonofa humrudishia mfugaji mifugo kwa sababu wenzake bado wanayo. Ukame unaoua ng'ombe wa ukoo mzima humwacha mchangiaji na mchangiwa katika hali moja. Si mara ya kwanza: katika miaka ya 1966 na 1967, wakati wa vita vya shifta vilivyotokana na mzozo ule wa kujitenga, wafugaji wa Isiolo walikusanywa kambini na mifugo mingi ikaangamia, na wengi hawakurudi tena kwenye ufugaji. Sehemu ya wakazi wa mitaa ya mji huu ni watoto na wajukuu wa msiba huo. Anayeishi Wabera kwa kibarua, mbali na malisho na mbali na wazee wa ukoo, amebaki na jina la ukoo bila ng'ombe wa ukoo. Tena ukoo hautibu figo, haumpi mtu miwani, hauwezi kumfundisha mtoto kiziwi lugha ya ishara. Damu ni nzito kuliko maji, ila haifanyi kazi ya dawa.

Isitoshe, wapo wanaokimbia kutoka ndani ya undugu wenyewe: binti anayetaka kuozwa au kukeketwa, mjane aliyenyang'anywa urithi, mgonjwa wa akili aliyefungwa kamba kwa kuwa familia haijui la kufanya. Kwao mlango wa ukoo ndio uliofungwa. Serikali ikija na daftari haiui undugu. Inaupumzisha ulipolemewa, na kumsimamia yule ambaye undugu umemgeuka. Maimamu, mapadri na wazee ndio watu wa kwanza wanaopaswa kuwa ndani ya utaratibu huu, kwa sababu wanajua nyumba ambazo hakuna ofisi inayozijua.

Simu si mhudumu

Pingamizi la tatu linatoka Nairobi. Linasema mambo yote sasa yako mtandaoni: fungua eCitizen, piga *147#, jaza fomu, umemaliza. Kwa kijana mwenye simu ya tachi na data, hilo ni jambo jema. Lakini wasiojiweza ni nani? Ni mzee mwenye simu ya kabambe isiyo na chaji, ambaye laini yake imesajiliwa kwa jina la mpwa. Ni mama asiyesoma, anayezungumza Kiborana au Kisomali au Kiturkana na kuelewa Kiswahili cha sokoni, anayeulizwa kwenye kioo maswali ya kupima uwezo wake: paa la nyumba, choo, nishati ya kupikia. Anaishia kwa kijana wa saiba anayemjazia kwa malipo, kwa haraka, na kosa moja kwenye jawabu linapandisha mchango wa mwaka mzima. Teknolojia inapaswa kuwa mkononi mwa mhudumu anayembishia hodi. Ikiachwa iwe mlango peke yake, imehamisha foleni tu kutoka ofisini hadi saiba.

Na kuna sababu ya kina zaidi kwa nini watu wa Isiolo hawakimbilii kujiandikisha. Kwa miaka mingi, serikali ilipowataja majina yao ilikuwa kwa ajili ya kuwashuku. Hali ya hatari katika eneo la kaskazini haikuondolewa hadi 1991. Kijana wa Kiborana au Kisomali aliyetaka kitambulisho alipitishwa kwenye kamati za kumhoji ambazo mwenzake wa Nyeri hakuzijua, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotia saini tangazo la kuondoa uchunguzi huo kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo akiona karani na fomu, swali lake la kwanza ni "wanataka nini kwangu?" Imani hiyo haitarejeshwa kwa bango. Itarejeshwa na jirani anayejulikana, anayerudi baada ya wiki mbili na jibu, hata kama jibu ni kwamba bado.

Wapo watakaoonya kuhusu wizi: majina hewa, wafu wanaolipwa, shangazi wa mwanasiasa kwenye orodha ya mayatima. Onyo hilo ni la haki, kwani yametokea nchini. Lakini udanganyifu unastawi pale ambapo habari ni ya wachache. Orodha ya wanaolipwa ruzuku ikisomwa barazani na kubandikwa kwa chifu, majirani wenyewe watasema nani hastahili na nani amesahauliwa. Yaliyo ya siri, kama vile hali ya virusi vya Ukimwi, ukatili wa kingono na maradhi ya akili, yabaki siri kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka, na mhudumu anayeyatangaza achukuliwe hatua.

Kinachotakiwa Wabera

Mambo matatu yanatosha kuanzia. Kwanza, dawati moja katika wadi, lenye ofisa mmoja anayekubaliwa na serikali zote mbili kwa mkataba wa maandishi, ambaye kazi yake ni kupokea jina mara moja na kulizungusha yeye mwenyewe katika ofisi zote zinazohusika. Mama atoe nakala za kitambulisho mara moja. Karatasi ndizo zitembee, yeye abaki na mtoto wake. Pili, wahudumu wa afya ya jamii walipwe kwa wakati, wapewe fomu fupi ya mahitaji ya kijamii na orodha ya huduma zilizopo katika Kiswahili, Kiborana, Kisomali na Kiturkana, ya kusomewa mtu na si ya kubandikwa tu. Tatu, kila miezi mitatu dawati litangaze hadharani: walioandikwa ni wangapi, waliosaidiwa ni wangapi, wanaosubiri ni wangapi na wamekwama ofisi gani. Hakuna kati ya hayo linalohitaji jengo jipya, na hakuna linalohitaji kungoja mradi wa wafadhili.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana ni rahisi kwa aliye ofisini kusema "nenda urudi kesho". Njia ya kumfanya auhisi uzito ni kuuweka begani mwake kisheria na kuupima kila robo ya mwaka. Basi atakayekuja kuomba kura Wabera mwaka 2027, awe anautaka ugavana, ubunge au uwakilishi wa wadi, asiulizwe kwanza ataleta nini. Aulizwe hivi: mtoto mwenye ulemavu akizaliwa leo katika wadi hii, ni ofisa wa cheo gani atakayembishia hodi mama yake, na ndani ya siku ngapi? Akitaja cheo na siku, iandikwe na ashikwe nayo, kwa kuwa ahadi ni deni. Akianza kueleza habari za ofisi ambazo mama huyo anaweza kwenda kuuliza, wapiga kura watakuwa wamekwisha kupata jibu lao.